Nani wa Mwisho Hapa?

YOHANA: Karibuni tena, wapenzi wa kukimbia na wapenzi wa kukaa. Huo mvumo mnaousikia ni upepo wa Dodoma, leo umeamka mapema kuliko sisi. Mimi Yohana, na mwenzangu ni yuleyule. Dada Zuhura, mguu unasemaje?

ZUHURA: Mguu upo, namshukuru Mungu. Shikamooni wakubwa wetu, na wadogo hamjambo.

YOHANA: Mnaotusikiliza kila wiki mnajua ugoko wa Zuhura ulianza kulalamika tangu alipohamia kwenye lami ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kule vilimani. Sasa leo nimeandaa mambo matano ya kufanya mkimbiaji ukiumia. Karatasi ninayo hapa. La kwanza...

ZUHURA: Kabla ya la kwanza, niache nisimulie Jumanne. Maana limenikaa moyoni.

YOHANA: Simulia, ila kwa kifupi. Nina treni jioni hii.

ZUHURA: Nilikuwa na miadi saa mbili asubuhi. Hospitali yenyewe siitaji, haina haja. Nimefika saa moja na nusu najua nimewahi, kumbe korido imeshajaa. Nikapita dirisha la bima, nikasaini fomu, nikaelekezwa mlango wa mwisho kulia. Mabenchi mawili, watu wamebanana. Namba hakuna. Nikauliza kama tunavyouliza siku zote: "Jamani, nani wa mwisho hapa?" Mzee mmoja akainua fimbo. "Mimi, mwanangu. Ila mimi niko nyuma ya mama mwenye kitenge cha kijani." Naangaza macho, kitenge cha kijani sikioni. "Yuko wapi, babu?" "Ameenda kunywa chai."

YOHANA: (anacheka) Kwa hiyo wewe uko nyuma ya mzee, mzee yuko nyuma ya kitenge, na kitenge kiko kwa mama lishe.

ZUHURA: Subiri kwanza. Kitenge naye yuko nyuma ya kijana aliyepelekwa eksirei. Na kijana kaacha maagizo kwamba yeye yuko nyuma ya mkoba.

YOHANA: Mkoba?

ZUHURA: Mkoba mweusi, umekaa kwenye benchi kabisa. Mwenyewe alikuwa maabara, akauacha umshikie nafasi. Watu wazima tumesimama, mkoba umekaa.

YOHANA: Na hakuna aliyeuweka chini.

ZUHURA: Thubutu! Mkoba una zamu yake.

YOHANA: Ngoja niulize, huo mkoba ulikuwa unaumwa nini? Goti au nyonga?

ZUHURA: Yohana, acha. Mimi hapo mguu unawaka.

YOHANA: Hapana, mimi foleni ya namna hiyo naipenda kwa dhati. Namba ya karatasi inapotea, mashine inazima umeme ukikatika. Lakini "mimi niko nyuma ya fulani" haipotei. Kila mtu analinda nafasi ya aliye mbele yake, maana ikivurugika ya mwenzake, na yake imekwenda.

ZUHURA: Inafanya kazi mpaka nesi atoke. Alitoka na rundo la mafaili, akaliweka juu ya meza, akaanza kuita kutoka juu.

YOHANA: Ohoo. Na la juu ni la aliyefika mwisho.

ZUHURA: Ndiyo! Nikaitwa mimi. Nikasimama, korido nzima ikaguna. Mzee akagonga fimbo sakafuni. Nikasema basi, nitarudi kukaa. Nesi naye anasema faili lako ndilo hili, ingia au liende chini. Hapo kelele, kila mtu anataja mtu wake. Ndipo mama wa kitenge akatokea.

YOHANA: Kijani!

ZUHURA: Kijani kweli, chenye maua ya njano. Mkono mmoja kikombe cha plastiki, mkono mwingine chapati kwenye kipande cha gazeti. Anatembea anachechemea. Akauliza mara moja tu, "Kuna nini?" Akaambiwa. Akamwachia mzee ile chapati, akaanza kunyoosha kidole. "Baba wa bandeji, wewe wa kwanza. Binti uliyetoka Bahi, wewe. Kisha mwenye mkoba. Kijana wa eksirei. Mimi. Mzee wa fimbo. Mzee, nyuma yako nani?" Mzee akasema, "Dada wa raba."

YOHANA: Dada wa raba! Basi hilo ndilo jina lako mpaka mwisho wa msimu.

ZUHURA: Na nesi akapanga mafaili upya kwa jinsi mama alivyotaja. Hakubisha. Mama yule aliendesha korido mpaka karibu adhuhuri. Akija mtu mpya anauliza nani wa mwisho, mama ndiye anayejibu, anampa mtu wake wa kumfuata.

YOHANA: Huyo angepewa ofisi pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, wizara moja tu.

ZUHURA: Nilikaa naye. Analima zabibu upande wa Hombolo, goti linamsumbua tangu mavuno. Kaondoka kwake alfajiri. Akaniuliza, "Na wewe mwanangu, umeumia unafanya nini?" Nikamwambia nakimbia. Akauliza, "Nani anakukimbiza?" Nikamweleza habari za kilomita 21, akasikiliza vizuri, kisha akasema, "Basi pumzika upone ukakimbie tena." Hakunicheka wala hakunihubiria. Kwenye kundi letu la WhatsApp sijapata neno kama hilo hata moja.

YOHANA: Hapo naona unanielekea mimi.

ZUHURA: Nitafika kwako. Kwanza chumbani. Mtaalamu wa viungo ni kijana, mikono mizito. Kanilaza, akaanza kubonyeza kwa dole gumba ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka chini ya goti akishuka taratibu. Kila akisogea kidogo anauliza, "Hapa? Na hapa?" Akanieleza kwa nini. Maumivu yakisambaa sehemu ndefu, shibiri nzima, mara nyingi ni nyama na utando unaoshikana na mfupa ndivyo vilivyochokozwa. Yakiwa sehemu moja, padogo kama sarafu, ukigusa unaruka, hapo unaanza kuhofia ufa kwenye mfupa wenyewe.

YOHANA: Na wewe?

ZUHURA: Mengi yamesambaa. Lakini kuna mahali pamoja, juu kidogo ya kifundo, dole lilipotua nilishika kitanda. Akaniambia niruke kwa mguu mmoja. Niliruka mara moja, ya pili sikuweza. Akaniandikia eksirei.

YOHANA: Na eksirei ilitoka safi! Wasikilizaji, hiyo ndiyo habari. Safi.

ZUHURA: Malizia basi alichosema. Alisema ufa wa namna hii mwanzoni mara nyingi eksirei haiuoni. Unaanza kuonekana baada ya wiki mbili, tatu, mfupa unapojijengea tabaka jipya. MRI, kile kipimo cha picha za sumaku, inauona mapema, lakini hiyo lazima rufaa, na rufaa ina safari yake. Kwa hiyo nisikimbie mpaka nirudi. Baiskeli ruksa, kutembea ruksa kama hakuumi. Na ukiupuuza, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili.

YOHANA: Sawa. Alisema *unaweza*. Sasa mimi naomba nizungumze, dada wa raba.

ZUHURA: Zungumza.

YOHANA: Jumapili tuna mbio. Umelipia, timu nzima imelipia. Mimi sijasema ukimbie 21. Nimesema kimbia 5, polepole, ukichoka tembea. Umejiandaa tangu masika, picha ni safi, na mwili wako unaujua kuliko mtu aliyekuona kwa dakika kumi. Kila mkimbiaji ana mahali panapouma. Tukisimama kila panapouma, Uwanja wa Jamhuri utabaki na mbuzi.

ZUHURA: Ndiyo maana ukanitumia Akhwari.

YOHANA: Nilikutumia, na ningekutumia tena.

ZUHURA: Waeleze wasikilizaji.

YOHANA: John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, 1968. Mji uko juu sana, zaidi ya mita 2,200, misuli inamkaza, anaanguka katika msongamano, goti linaumia vibaya. Anafungwa bandeji anaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshinda zamani, zaidi ya saa nzima imepita, giza limeingia, watu wameshaanza kuondoka uwanjani. Akhwari anaingia anachechemea, anamaliza wa 57, wa mwisho. Wakamuuliza kwa nini hakuacha. Akasema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Mimi nikikumbuka hilo machozi yananitoka mpaka leo.

ZUHURA: Na mimi yananitoka. Usidhani simheshimu yule mzee. Ninachokataa ni lile neno lake kutupiwa kila mtu aliyeumia. Kundini mtu akiandika "goti limevimba," dakika haijaisha anatumiwa Akhwari. Kisigino, Akhwari. Mgongo, Akhwari. Yeye alikuwa Olimpiki, amebeba bendera ya nchi changa, mbio za maisha yake. Mimi Jumapili nabeba nini? Fulana na chupa ya maji.

YOHANA: Unabeba timu.

ZUHURA: Timu ikinipenda itanisubiri.

YOHANA: Lakini hilo goti halikummaliza! Watu wanasimulia 1968 wanaishia hapo. Mwaka 1970 yuleyule alikwenda Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, marathoni, akawa wa 5, kwa saa 2 na dakika 15. Alipona, akakimbia vizuri zaidi.

ZUHURA: Miaka miwili baadaye, Yohana. Miwili! Wewe unanipa siku tano.

YOHANA: Nakupa kilomita 5.

ZUHURA: Goti lililopigwa ni jeraha la ajali, limetokea, limekwisha kutokea. Mfupa wangu unachoka kwa kurudiarudia. Kila hatua ndiyo inayouumiza. Haiwezi kuwa hesabu moja.

YOHANA: Na mimi nasema hata hujui kama una ufa. Unaahirisha kwa hofu ya kitu ambacho hakijaonekana.

ZUHURA: Nimeahirisha kwa sababu nimeambiwa na aliyesomea.

YOHANA: Juma Ikangaa, mtoto wa Dodoma hii, alishika nafasi ya pili marathoni ya Boston 1988, 1989 na 1990. Unadhani kwa mazoezi yale hakuna siku aliyoamka na ugoko unauma? Na 1989 hiyohiyo akashinda New York.

ZUHURA: Sijui aliamka vipi, na wewe hujui. Na ukija kwenye mashujaa, mimi nakuja na Simbu. Alphonce Simbu wa Singida, jirani yetu hapa. Tokyo 2025, bingwa wa dunia wa marathoni, yeye na Mjerumani muda mmoja, saa 2:09:48, wametenganishwa kwa sehemu ya sekunde mstarini. Miaka minane kabla ya hapo alikuwa na shaba ya London. Nikitaka kukimbia nikiwa na umri wa yule mama wa zabibu, nahitaji mfupa mzima.

YOHANA: Mbona mama mwenyewe wa kitenge alikuja kwa daladala na goti bovu? Angengoja apone ndipo aje?

ZUHURA: Alikuja hospitali, Yohana! Hakuja kukimbia korido.

YOHANA: Lakini alisimama na kupanga watu akiwa anachechemea. Huo ndio moyo ninaousema. Huyo ni Akhwari wa kitenge.

ZUHURA: Huyo alikaa chini kila alipopata nafasi, mimi nilimwona. Hata nafasi ya mkoba aliikalia mkoba ulipoingia.

YOHANA: (anacheka) Mkoba uliingia mwenyewe?

ZUHURA: Na mwenye nao. Usinitoe kwenye hoja. Kuna jambo halina mjadala na nataka lisikike kabla hujakimbilia treni. Wale wanaomeza diklofenaki asubuhi ya mbio ili wasisikie maumivu, acheni. Jua la Dodoma hili, mwili umekauka, dawa ile inaumiza tumbo na figo. Na maumivu yakizimwa, unakanyaga mfupa ulioumia bila kujua.

YOHANA: Hapo sina neno. Sijawahi kumshauri mtu dawa.

ZUHURA: Ila umenishauri nikimbie.

YOHANA: Polepole. Kilomita 5.

ZUHURA: Siendi.

YOHANA: Nakuheshimu sana dada yangu, lakini sikubaliani na wewe, na nikirudi kutoka Morogoro nitakuwa bado sikubaliani.

ZUHURA: Ukirudi utanikuta hapahapa.

YOHANA: Jamani, saa imekwenda. Karatasi yangu ya mambo matano hatujagusa hata la kwanza, na lilikuwa la barafu.

ZUHURA: La barafu litangoja. Bodaboda wako anapiga honi.

YOHANA: Nimemsikia. Wasikilizaji, tuandikieni kama Zuhura akimbie au asikimbie.

ZUHURA: Usiwapigishe kura mguu wangu. Na kwenye ile orodha ya Jumapili futa jina langu, umpe nafasi mtu mwingine.

YOHANA: Sifuti. Namba yako nimeshaichukua, na fulana.

ZUHURA: Yohana, futa.

YOHANA: Geti la stesheni linafungwa mapema. Kwaherini!

ZUHURA: Kwaherini. Nitampigia mratibu mwenyewe.