Tarakimu Nne za Ricardo

Ndugu wasikilizaji, leo tushughulike na tarakimu nne tu: 100, 120, 90 na 80. Mwanauchumi wa Uingereza David Ricardo alizichapisha London mwaka 1817, kuonyesha kwa nini nchi mbili hufaidika zikifanya biashara.

Kabla yake, wamerkantili, yaani watetezi wa kulimbikiza dhahabu kwa njia ya biashara, walipima utajiri wa nchi kwa dhahabu na fedha iliyoingia: uza nje kwa wingi, nunua kidogo. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume aliitikisa hoja hiyo mwaka 1752. Dhahabu ikijaa nchini, alisema, bei hupanda, bidhaa hazinunuliki nje, na dhahabu hutoka tena.

Sasa Ricardo. Uingereza, fungu moja la kitambaa linahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka. Fungu la mvinyo, 120. Ureno, kitambaa 90, mvinyo 80.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wanaona Ureno inashinda kwa vyote viwili, wanahitimisha kwamba haina haja ya kununua chochote. Kosa ni kulinganisha nchi na nchi kwanza. Anza ndani ya kila nchi: fungu la mvinyo Uingereza linaigharimu mafungu 1.2 ya kitambaa (120 kwa 100). Ureno, kama 0.89 tu (80 kwa 90). Basi Ureno ikamue zabibu tu, itoe mafungu mawili ya mvinyo, na Uingereza ifume tu, itoe mafungu mawili ya kitambaa. Uingereza itatumia watu 200 badala ya 220, Ureno 160 badala ya 170. Wakibadilishana fungu kwa fungu, kila nchi ina vyote ilivyokuwa navyo, na kazi ya watu 30 imebaki huru. Kwangu mimi, hii ni miongoni mwa hoja nzuri kuliko zote katika taaluma yetu.

Lakini kwa nini fungu kwa fungu? Kiwango chochote kati ya mafungu 0.89 na 1.2 ya kitambaa kwa fungu la mvinyo kingewafaa wote wawili. Ricardo hakueleza, mwanauchumi mwenzake wa baadaye, John Stuart Mill, ndiye aliyejibu, mwaka 1844: huamuliwa na nguvu ya mahitaji ya kila upande kwa bidhaa ya mwenzake.

Na lipo sharti ambalo vitabu vingi vya kufundishia hulipita haraka mno: mtaji hauvuki mpaka. Ricardo mwenyewe alikiri kwamba kama ungevuka kwa urahisi, wenye mitaji wa Uingereza wangefaidika zaidi kutengeneza mvinyo na kitambaa vyote hukohuko Ureno. Aya hiyo isomwe pamoja na tarakimu zake.