Weka kompyuta za ofisi kwenye wingu, na usirudie kosa langu la saa moja

Habari zenu, karibuni tena. Hizo kelele mnazosikia nyuma ni soko la Kibuye. Leo Jumapili, na duka nimelifungua nusu mlango, kwa hiyo mtu akiuliza bei ya chaja katikati ya somo mnivumilie.

Laptopu hii ina miaka tisa. RAM GB 4, betri haishiki, bawaba moja imelegea, ona inavyocheza. Mteja akiniletea kama hii humwambia asiitupe, kwa sababu kazi yote ya leo itafanyika kwenye mashine iliyoko Johannesburg, na hii itabaki dirisha tu la kuchungulia. Ndiyo, nauza laptopu za aina hii, sifichi.

Sasa fikiria ofisi ya uhasibu yenye watu wanne. Mmoja yuko hapa Kisumu, mmoja Kakamega, mmoja Siaya, mmoja Busia. Kila mtu amebeba mishahara ya wateja kwenye laptopu yake. Siku moja inanyakuliwa stejini, na kama wenye data wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 umjulishe Kamishna wa Data. Lakini hii yangu ikiibwa, mwizi kapata bawaba mbovu.

Twende. Natumia Azure Virtual Desktop, huduma ya Microsoft ya kukodi kompyuta ya Windows iliyo mbali na kuifungua kupitia intaneti. Akaunti mtafungua wenyewe, ni jina, barua pepe na kadi ya benki. Leseni ndiyo inayowapiga watu chenga: Microsoft 365 Business Premium inakubali, Business Standard haikubali. Usije ukanunua ya bei nafuu kisha unipigie simu.

Eneo, yaani mahali mashine itakapokaa, chagua South Africa North, ndiyo hiyo Johannesburg. Ukiiweka Ulaya, mausi itakuwa inafika baada ya mkono wako. Na kwa kuwa data ya wateja inavuka mpaka, sheria hiyo hiyo inataka kinga, kwa hiyo ongea na wakili wako kabla ya kuihamisha.

Hapa tunaunda kundi la mashine. Jina, endelea, endelea. Mfumo: Windows 11 Enterprise ile ya multi-session, ambayo watu kadhaa huingia kwenye mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu na skrini yake. Saizi nawapa D4s, kore nne na RAM GB 16. Kwa wahasibu wanne wa Excel na barua pepe mimi naona inatosha. Mashine zikizidi moja, mafaili ya kila mtu yatahitaji makao yake, kitu kinaitwa FSLogix. Hiyo ni video nyingine.

Subirini, inajenga. Hapa mimi huenda kunywa chai.

Imemaliza. Wape watu ruhusa, na ruhusa ni mbili. Moja iko kwenye kundi la programu, nyingine kwenye mashine yenyewe, imeandikwa Virtual Machine User Login. Ukisahau hiyo ya pili, mtu anaiona kompyuta, anaandika nenosiri sahihi, na inamkatalia. Atakuambia amelogwa.

Kisha ingia RDP Properties, mipangilio ya kinachoruhusiwa kupita kati ya wingu na laptopu. Zima diski za nje, zima flashi, zima kunakili na kubandika kati ya wingu na laptopu ya mtu. Watalalamika. Waache walalamike, maana ukiacha mlango huo wazi, faili la mishahara litakuwa WhatsApp kabla ya saa sita mchana. Printa mimi huiacha, lakini hiyo ni mimi. Na uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu si wa hiari, hata kwa bosi. Hasa bosi.

Tuingie tuone. Programu inaitwa Windows App, lakini kivinjari pia kinafaa. Nenosiri, namba kwenye simu, haya, tumeingia. Nafungua Excel, naandika hapa safu ya posho, P, o, s, h...

Eh! Stima imepotea.

Sizimi kamera. Ruta imekufa, laptopu nayo imekufa, nimewaambia betri haishiki. Ngoja niwashe bando kwenye simu. Windows App iko hapa pia. Nenosiri, namba... polepole, mtandao unatafuta... Haya, tazameni. Nasogeza karibu. Seli ile ile. Imeandikwa "Posh" na kile kistari kinawakawaka pale pale, kinangojea o. Mashine kule Johannesburg haikujua kama Kibuye kuna giza.

Naipenda kazi hii kwa ajili ya kitu hiki, wallahi. Lakini sikilizeni, maana ndicho kilichonichoma. Kama kukatika stima hakuizimi mashine, basi hata wewe kufunga dirisha kwa ile X hakuizimi. Umeondoka wewe, yenyewe imebaki inakungoja, na inakutoza kwa dola.

Hata ukienda kwenye menyu ya Windows ukaizima mle ndani, bado. Ngoja, stima imerudi, nawasha laptopu niwaonyeshe kwenye ukurasa wa Azure. Mnaona hali yake imeandikwa Stopped? Inatozwa. Imezimika na inatozwa! Lazima uibonyeze Stop hapa nje, kwenye Azure, mpaka uone lile neno refu, deallocated, yaani mashine umeiachilia kwa Microsoft. Bila neno hilo, mita inazunguka. Diski utailipia hata hivyo, lakini hiyo ni kidogo.

Kwa kuwa hakuna atakayekumbuka kila jioni, tunaweka saa ya kujizima. Fungua Auto-shutdown. Simameni hapa. Msibonyeze kitu.

Mteja wangu mmoja aliniambia, "Ziwe zinazimika saa moja." Nami, kwa haraka zangu, nikaandika 1:00:00 PM. Saa moja, si ndiyo? Tena sikugusa kisanduku cha chini, ambacho kimeandikwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa saba mchana ya UTC kwetu ni saa kumi jioni. Tarehe 28, mishahara imefika nusu, mashine ikazimika mikononi mwa watu wanne kwa pamoja. Onyo la dakika 30 lilitumwa vizuri kabisa, kwenye barua pepe yangu, na mimi niko Dunga nachambua miiba ya ngege.

Kwa hiyo: saa moja ya jioni unaandika 7:00:00 PM. Saba. Halafu kisanduku cha chini, shuka, shuka, mpaka UTC+03:00 Nairobi. Angalia tena. Mimi mwenyewe naangalia tena, hapa, Nairobi. Hifadhi. Kisha ifungue upya uone kama kweli imeshika.

Kuiwasha asubuhi, weka Start VM on Connect. Wa kwanza kuingia atangoja dakika chache, wengine watakuta iko tayari. Nayo inataka ruhusa yake, Desktop Virtualization Power On Contributor, unaipa huduma ya Azure Virtual Desktop yenyewe, si mtu.

Sasa naizima hii tumalize. Stop... ndiyo... inafikiri... bado. Deallocated. Mnaliona neno?

Ndiyo mama, chaja zipo. Ya pini nyembamba au nene?