Maziwa Bila Mtoto: Prolaktini, Vidonge vya Homoni na Upupu

GODLISTEN: Karibuni, tuko Moshi, mimi ni mfamasia wenu Godlisten. Dada Aneth leo ameamua kusimulia jambo lake mwenyewe.

ANETH: Asante, kaka. Nilikuwa na miaka 31. Sina mimba, sinyonyeshi, na siku zangu zimekata mwezi wa nne. Asubuhi moja nikakuta blauzi imelowa. Maziwa! Mama mkwe akasema nina mimba naificha, akaanza kunipikia mtori.

GODLISTEN: Pole sana, dada. Ukaenda hospitali?

ANETH: Sikwenda. Niliona aibu. Nilinunua kopo la vidonge vya kusawazisha homoni kwa mtu anayeuza kwa simu, shilingi 85,000. Lebo ilisema vitamini B6, mmea unaoitwa vitex, na unga wa upupu.

GODLISTEN: Upupu, wasikilizaji, ni huu huu wa porini unaowasha. Nisiwadanganye, wazo lenyewe lina msingi. Prolaktini, homoni inayoamuru matiti yatoe maziwa, hutengenezwa na tezi ya pituitari, kitezi kama punje ya maharage chini ya ubongo. Kikiachiwa chenyewe, kingeitoa kwa wingi. Kinachokizuia ni dopamini, kemikali inayoshuka kutoka ubongoni, kama breki. Mbegu za upupu zina levodopa, na levodopa mwilini hugeuka dopamini. Vitex nayo inaonekana kugusa njia hiyo hiyo, ila kidogo tu. Lakini kipimo kilichomo kwenye kopo hukijui, na hujui breki yako imelegezwa na nini.

ANETH: Mimi mwezi wa tatu vidole vya miguu vilianza kufa ganzi. B6 ilikuwa miligramu 100 kwa kidonge, na nilikuwa nameza viwili kila siku.

GODLISTEN: Miligramu 200! Mwili unahitaji kama mbili tu kwa siku. B6 nyingi kwa muda mrefu huumiza mishipa ya fahamu. Watu husema vitamini haidhuru, na mimi hilo linanikasirisha kwa kweli.

ANETH: Ganzi ndiyo iliyonipeleka kwa daktari. Kwanza akapima mimba. Halafu prolaktini: 96. Kwa mwanamke ambaye si mjamzito wala hanyonyeshi, kawaida haizidi kama 25, nanogramu kwa mililita. Akauliza, unatumia dawa gani? Nikasema hakuna. Akauliza tena, hata ya tumbo?

GODLISTEN: Hapo sasa.

ANETH: Metoklopramidi. Ya kichefuchefu. Nilikuwa najinunulia duka la dawa nusu mwaka, bila cheti, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

GODLISTEN: Dawa hiyo huziba milango ya dopamini. Domperidoni vilevile, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli na risperidoni. Nasema kwa msisitizo: anayetumia dawa ya akili asiiache mwenyewe kwa kusikia kipindi hiki. Arudi kwa daktari wake, kuna namna ya kuibadilisha. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo nayo hupandisha prolaktini, na figo zikichoka pia. Hata hofu ya sindano hupandisha kidogo, kwa hiyo kaa utulie kabla ya kutolewa damu.

ANETH: Na ikiwa ni uvimbe kwenye hiyo tezi ya pituitari?

GODLISTEN: Kipimo kikipita 200 tunaufikiria sana, na kichwa hupigwa picha ya MRI. Kwa kawaida si saratani, na wengi hawahitaji kisu. Kuna bromokriptini, ya kila siku, huanzwa nusu kidonge usiku pamoja na chakula kwa sababu huleta kichefuchefu na kizunguzungu. Kuna kabegolini, mara moja au mbili kwa wiki, ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi. Zote huiga dopamini na huweza kuusinyaza uvimbe. Waambieni watu wa nyumbani mkizianza, maana wachache hujikuta wanabeti au wananunua vitu bila kujizuia. Ni dawa hiyo, wala si tabia mbaya.

ANETH: Wanaume je?

GODLISTEN: Wanaume hunihuzunisha, kwa sababu huchelewa. Hamu inaisha, nguvu zinapungua, naye ananunua dawa za nguvu za kiume mwaka mzima. Anakuja akiwa haoni bodaboda inayotokea pembeni, kwa kuwa uvimbe umeshabana mishipa ya macho.

ANETH: Mimi niliambiwa niache ile ya tumbo, nipime tena. Ikashuka hadi 14. Wiki ya sita siku zangu zikarudi, nikalia bafuni.

GODLISTEN: Na miguu?

ANETH: Wa kushoto umepona. Kidole gumba cha kulia bado kina ganzi, asubuhi hasa, nikikanyaga sakafu ya baridi.