Ukihamia Bengaluru na watoto: maongezi na familia zinazokwenda India

Asanteni, kaeni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele bwana, viti vipo na mimi siumi mtu. Nimeombwa niongee kuhusu maisha ya kawaida ya India kwa familia inayohamia, yaani siyo mtu aliyeenda kutibiwa Chennai wiki tatu akarudi na bangili, hapana, familia nzima na watoto na masufuria na bibi anayepiga simu kila Jumapili kuuliza hivi huko mnakula nini. Sisi tunakaa Bengaluru, ile zamani Bangalore, mume wangu yuko kwenye mambo ya kompyuta kama watu wengi wa mji ule, kwa hiyo nitakayosema ni ya Bengaluru, ukienda Delhi ukakuta tofauti usinidai. India ni nchi kubwa mno, jimbo hili na lile lugha tofauti, chakula tofauti, hadi sheria za nyama tofauti.

Niseme la kwangu mapema. Kampuni itawapokea eapoti, itawapa hoteli, itawapa karatasi ina orodha ya shule na hospitali, na mtajiona mmeshafika. Bado. Kule familia inashikwa na watu wa asubuhi. Watu wa asubuhi ni mlinzi wa geti, kijana wa maziwa, dada wa kazi, mama wa mboga, mzee anayepiga pasi pale barabarani na pasi yake ya mkaa, na jirani wa mlango wa pili. Mume anajuana na wenzake kazini, sawa, vizuri, lakini siku mtoto kachemka homa saa kumi na moja alfajiri hao wa ofisini wamelala, na mlinzi yuko macho na anajua bajaji ipi ipo karibu na hospitali ipi ina daktari wa watoto muda huo.

Na hili linawahusu zaidi nyie mnaofuata wenza wenu. Viza ya kazi ni ya yule mwenye ajira, wewe unayemfuata unapewa viza ya kuingia tu na kuishi, kazi huruhusiwi kufanya. Digrii yako unaiweka kabatini. Wengi hawaambiwi hili mpaka wamefika, halafu wiki ya tatu mtu anakaa kwenye apatimenti ghorofa ya tisa anaangalia ukuta. Kwa hiyo wewe ndiye utakayekuwa na hao watu wa asubuhi, na wewe ndiye utakayeifanya ile nyumba iwe nyumba.

Haya, makaratasi, nipite haraka. Viza ikizidi siku 180 mnatakiwa kujiandikisha FRRO, ile ofisi yao ya wageni, ndani ya siku 14 tangu mfike, na siku hizi unafanya mtandaoni kabisa. Wanataka picha, pasi, barua ya kampuni na ushahidi wa unapokaa. Hapo ndo shughuli, maana unapokaa ndiko kunakofungua kila kitu, benki inataka anwani, gesi inataka anwani, shule inataka anwani, na mwenye nyumba naye anatakiwa aripoti kwamba amepokea mgeni, kuna fomu yao wanaiita Form C inajazwa ndani ya saa 24. Mwenye nyumba akikuambia aah hiyo fomu achana nayo, wewe achana na hiyo nyumba.

Nyumba zenyewe sasa. Dalali yupo, dalali ni yule yule wa Kinondoni, anakuonyesha tatu mbaya kwanza ili ya nne uione pepo. Bengaluru inajulikana India nzima kwa dipoziti, zamani ilikuwa kodi ya miezi 10 mkononi kabla hujalala usiku mmoja, siku hizi mnabishana inashuka, ila jiandaeni na pesa nyingi. Mkataba ni wa miezi 11, msishtuke, siyo kwamba wanapanga kuwafukuza, sheria yao ya usajili ya 1908 inataka mikataba ya mwaka na zaidi isajiliwe rasmi kwa hiyo watu wanaishia kumi na moja halafu mnahuisha. Na mtaulizwa mnakula nyama? Hilo swali ni la kweli kabisa. Kuna wenye nyumba hawapangishi mla nyama, hata yai hataki lipikwe mle ndani. Msidanganye, harufu ya samaki haidanganyi, tafuteni mwingine.

Kuna na wale ambao nyama siyo tatizo, tatizo ni rangi. Simu anaongea vizuri, mkifika getini nyumba imeshapata mtu. Siwezi kuja hapa nikawaficha. Mwanzoni mwa 2016 binti wa Kitanzania, mwanafunzi, alishambuliwa na kundi la watu huko huko Bengaluru kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na mtu mwingine kabisa, wa nchi nyingine, na yeye alitokea tu pale baadaye. Iliandikwa magazeti yote, serikali zetu zikaongea. Mimi sijapigwa, ila nimetazamwa, nimepigwa picha bila kuombwa, mwanangu ameshikwa nywele kwenye lifti na mama mtu mzima anacheka. Namba ya dharura kule ni 112, muiweke kwenye simu za watoto, na usiku msitembee maeneo msiyojua, basi, siyo woga ni akili. Halafu ajabu ni kwamba jimbo lile lile la Bengaluru, Karnataka, kaskazini huko Uttara Kannada, wapo Wasiddi, watu weusi kama sisi, mababu zao walivushwa kutoka pwani za Afrika karne nyingi zilizopita, wanaongea Kikonkani na Kikannada, lugha kuu ya jimbo, raia kamili, na wao wenyewe wakija mjini wanaulizwa mmetoka nchi gani. Nilipolijua hilo nilielewa kwamba maswali mengine hayanihusu mimi binafsi.

Tuhamie jikoni, hapa nina maneno mengi.

Gesi. Mtungi wa nyumbani ni kilo 14.2, mwekundu, na haununui tu dukani kama hapa, unasajiliwa, unabuku kwa simu, unaletewa. Anayeleta anabeba begani, anafika mlangoni anatweta, anakuomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Sasa kama laini iliyosajiliwa ni ya mume, na mume yuko kwenye kikao simu kaizima, yule kaka amesimama na mtungi begani, wewe unapiga haipokelewi, jirani kafungua mlango anachungulia, mbwa wa jirani katoka, na kaka hawezi kuuacha ule mtungi bila hiyo namba. Anaushusha hadi chini. Nimeliona hili kwenye korido yetu kwa familia mpya karibu zote. Kwa hiyo mama, laini ya kwako, jina lako, namba yako kwenye gesi, kwenye shule, kwenye geti, kila mahali. India ya leo bila laini ya simu inayopokea hizo namba za siri wewe haupo.

Na pesa hivyo hivyo. Wana UPI, mfumo wao wa kulipa kwa simu, ilianza 2016, mwaka ule ule serikali ilifuta noti za 500 na 1000 usiku mmoja wa Novemba, na sasa muuza madafu ana kile kikaratasi cha kuskani, muuza maua ana, anayeshona viatu ana. Fikiria Lipa Namba lakini hadi kwa mtu wa mahindi ya kuchoma, na mara nyingi kuna kaspika kadogo kanatangaza kwa sauti umelipa kiasi gani, mtaa mzima unajua umenunua nyanya za rupia 40. Inataka akaunti ya benki ya kule, benki inataka kadi ya kodi, PAN, kwa hiyo mwezi wa kwanza mtaishi na noti, na mtapata shida ya chenji, tembeeni na noti ndogo.

Maji ya bomba msinywe. Kila nyumba ina mashine ya kuchuja au mnaletewa dumu la lita 20. Na kabla ya kusaini mkataba ulizeni swali moja, maji ya jengo hili yanatoka wapi? Kuna ya mto Kaveri, kuna ya kisima, kuna ya maboza. Mwaka 2024 visima vilikauka sehemu kubwa ya mji, majengo ya kifahari yenye bwawa la kuogelea yakawa yanagawa maji kwa saa. Mlinzi atakuambia ukweli, dalali hatakuambia.

Chakula sasa. Bibi atulie. Watu wa Karnataka wanakula ugali! Ugali wa ulezi, wanauita ragi mudde, bonge la duara la kahawia, unakula kwa mkono wa kulia na mchuzi wa majani au wa kuku, na wao hawatafuni, wanakata tonge wanachovya wanameza. Dada wetu wa kazi ndiye aliyetufundisha, alimkuta mume wangu anahangaika na unga wa mahindi wa njano wa watu wa kaskazini, akamwonea huruma. Mlonge wanatia yale matunda yake marefu kwenye sambar, mchuzi wao wa dengu, mchicha upo wa aina tano sita, ukwaju, nazi, fenesi, binzari, vyote vipo, mtu wa pwani hapati shida. Muhogo watafuteni kwenye maduka ya watu wa Kerala, wao wanaula na samaki. Ng'ombe ndo hakuna, jimbo lina sheria ya kuzuia kuchinja ng'ombe, mtazoea mbuzi na kuku. Na pakiti zote za chakula zina alama, kidoa cha kijani hakina nyama, pembetatu ya kahawia ina, watoto wakiitwa bethidei ya jirani Mjaini, watu ambao dini yao haili nyama, angalieni hiyo alama kabla hamjabeba kitu.

Huyo dada wa kazi. Kule mara nyingi halali kwako. Anakuja saa moja, anafagia, anadeki, anaosha vyombo, anaondoka anaenda nyumba nyingine, na kila kazi ina bei yake, kupika ni mtu mwingine, choo wakati mwingine ni mtu mwingine kabisa, na hapo nyuma kuna habari za tabaka ambazo hazitajwi. Utaona nyumba zenye kikombe cha peke yake cha dada, kimewekwa dirishani. Mimi wa kwangu anakunywa chai kwenye vikombe vyetu, jirani mmoja alilitazama hilo akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Mwiteni akka, dada mkubwa, hata kama ni mdogo kwenu, na Diwali, sikukuu yao ya taa, wengi wanampa mshahara wa mwezi wa ziada, msijifanye hamjasikia.

Shule fupi tu: mwaka wao unaanza Aprili au Juni kutegemea na shule, wetu Januari, kwa hiyo mtoto ama atarudi nyuma kidogo au ataruka, amueni mapema. Kuna mitaala ya taifa, ya jimbo na ya kimataifa, bei zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Na Karnataka wana sheria ya 2015 ya kufundisha Kikannada mashuleni. Watu wanalalamika, mimi naona ni bahati, mwanangu wa pili ndiye anayetuombea punguzo sokoni sasa, mama wa mboga akimsikia anaongeza kotimiri bure.

Haya naona mikono. Mama wa kilemba cha bluu?

Anauliza wabebe nini. Mama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa, halisi na nakala, na barua ya uhamisho kutoka shule ya sasa, hiyo shule za kule zinaing'ang'ania sana. Dawa kama kuna anayetumia, na cheti cha daktari. Mafuta ya nywele za watoto na vitana vya meno mapana, maana saluni ya mtaani hawazijui nywele zetu, wanaosuka ni wanafunzi wa Kiafrika, mkifika nitawapa namba. Soketi za kule ni za pini za duara, hizi zetu za pini bapa tatu haziingii, blenda yako iache kwa shemeji. Sembe kilo mbili tatu kwa ajili ya moyo, kisha hamieni kwenye ulezi. Na saa, wao wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, hiyo nusu ndiyo itakayowachanganya, mwambieni bibi akipiga saa nne usiku ya hapa kule ni saa sita na nusu na watoto wana basi la shule asubuhi.

Kaka wa pale mlangoni, wewe ulikuwa unasemaje?