Kidole cha Pili Kinakaa Wapi: Kutoka Solfa Hadi Mistari Mitano

(Mhadhara kwa vijana wa okestra ya nyuzi na wazazi wao, Tororo)

Wazazi wetu, walimu wenzangu, nanyi vijana mliokuja na ala zenu, hamjambo? Karibuni sana. Nitazungumza Kiswahili kwa kuwa hapa Tororo ndicho kinachotukutanisha. Huyu kwao wanasema Kidhopadhola, yule Kiteso, mwingine Kisamia, na wote wamo katika okestra moja.

Wengi wenu mmepitia kwaya, kwa hiyo solfa, yaani muziki unaoandikwa kwa silabi za do, re, mi, mnaijua. Naomba msikubali kuambiwa kwamba solfa ni ya watu wasiosoma muziki. Ilianza kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, kisha mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza katika karne ya 19, na makanisa yetu yakaipokea. Anayeimba solfa vizuri ameshapata kitu kigumu kuliko vyote: sikio lake linajua umbali kutoka mi hadi fa si sawa na umbali kutoka do hadi re. Leo nataka muone sikio hilohilo likiongoza vidole vyenu.

Tofauti kubwa ni hii. Katika solfa, do huhama. Juu ya karatasi ya kwaya huandikwa do ni G, au do ni F, na wimbo unaanzia hapo. Wimbo wa Taifa wa Uganda, alioutunga George Wilberforce Kakoma mwaka 1962, tukiuanza juu kidogo au chini kidogo, silabi hazibadiliki hata moja. Lakini vayolini haina do. Ina nyuzi nne zilizokazwa G, D, A na E, na mistari mitano, ile ambayo nota huandikwa juu yake, inakuonyesha sauti hizo zenyewe. D ni D, iwe leo ndiyo do ya wimbo au ni so yake.

Alama kubwa inayotangulia mwanzoni mwa mistari, ufunguo, ndiyo inayokuambia mahali pa kila sauti. Tuchukue uzi wa D peke yake, bila kidole. Wapigaji wa vayolini, nota yenu inaning'inia chini ya mstari wa chini kabisa. Wa viola, sauti ni ileile, ila ufunguo wenu huweka C ya kati kwenye mstari wa katikati, basi D inakaa katika nafasi iliyo juu yake. Wa selo, D yenu imekatwa na mstari wa katikati, nayo inalia oktava moja, yaani umbali wa do hadi do inayofuata, chini ya vayolini. Besi kubwa mnasoma mahali palepale pa selo, lakini ala yenu inalia oktava moja chini zaidi ya kilichoandikwa. Kwa hiyo usichungulie karatasi ya jirani mwenye ala nyingine ukadhani itakuokoa.

Sasa kwenye vidole. Hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanapopotea. Katika ngazi kuu kuna sehemu mbili zenye umbali mdogo, nusu hatua: mi kwenda fa, na ti kwenda do. Kwenye vayolini na viola, nusu hatua maana yake vidole viwili vinagusana. Tupige ngazi ya D. Mwanzoni mwa mstari mtaona shapu mbili, alama # inayopandisha sauti nusu hatua, ya F na ya C. Kwenye uzi wa D, mi ni F shapu, kidole cha pili (tunahesabu kuanzia cha shahada), na fa ni G, kidole cha tatu: vinagusana. Kwenye uzi wa A, ti ni C shapu na do ya juu ni D: tena cha pili na cha tatu. Mkono una umbo moja katika nyuzi zote mbili, na ndiyo sababu walimu hupenda kuanza na D.

Geuza ukurasa, wimbo uko katika G. Shapu imebaki moja tu, ya F. C imerudi chini. Kwenye uzi wa A kidole cha pili kinarudi nyuma kikagusane na cha kwanza, kwa sababu B sasa ni mi na C ni fa. Uzi wa D haujabadilika. Mtoto asiyetazama shapu ataacha kidole pale pa zamani, na fa yake itakuwa juu mno. Sikio lake linajua kuna kasoro, ila mkono haujui kasoro hiyo inatoka wapi. Kabla hujagusa upinde, tazama shapu, tafuta do, halafu uliza mi na fa zimeangukia vidole gani. Wa selo, F shapu yenu ni kidole cha tatu, na F bila shapu ni cha pili. Besi, F shapu ni kidole cha nne, halafu G ni uzi mtupu.

Nukta pia huwachanganya wanasolfa. Katika solfa nukta hugawa pigo katikati. Katika mistari mitano, nukta iliyo ubavuni mwa nota huiongezea nusu ya urefu wake. Iliyo juu au chini ya kichwa cha nota hutaka ipigwe kwa mkato. Mstari uliopinda juu au chini ya nota nao una kazi mbili: ukiunganisha nota mbili za sauti moja, unashikilia tu, ukifunika sauti tofauti, zote zinapigwa kwa mwendo mmoja wa upinde.

Alama ya kijimeza chenye miguu miwili ni upinde kushuka, alama ya V ni kupanda. Tunafuata wote pamoja, maana upinde unaoshuka huanza na uzito wa mkono, na uzito huo ukiangukia mapigo tofauti, wimbo unayumba.

Maneno ya Kiitalia ni machache: pizzicato, dona kwa kidole, arco, rudi kwenye upinde, piano, polepole kwa sauti si kwa mwendo, forte, kwa nguvu, divisi, kundi ligawane nota.

Na kimya. Katika solfa pigo lililoachwa wazi ni kimya. Huku kina alama yake, na kikiwa kirefu utaona namba juu ya mstari mnene. Ikiwa ni 8, hesabu vipimo vinane, yaani visehemu vya wimbo vinavyotengwa na mistari ya wima, ala ikiwa tayari begani kabla ya cha nane kwisha. Leo viola mna vipimo vinane hivyo mwanzoni kabisa, kisha mnaingia peke yenu. Viandikieni namba kwa penseli sasa hivi, kabla hatujakaza nyuzi.