Seli shina barabarani, na bandama ya mjomba

BAKARI: Haya wapendwa wa Tanga na kwingineko, leo tulipanga mambo matatu kuhusu kansa za damu zile za polepole, ila mimi wiki hii nimeshinda Dar na mjomba hospitali, kwa hiyo tuanzie hapo.

ZAINA: Pole Beka. Yule wa Makorora?

BAKARI: Huyohuyo. Bandama imefika kitovuni, mtaani wote wanasema malaria sugu, kumbe madaktari wanashuku mailofaibrosisi, kansa ya damu ambayo uboho unajaa makovu. Sasa wanataka kuhesabu seli shina, zile changa zinazozaa seli za damu, kwenye damu yake.

ZAINA: CD34 hiyo. Ni alama iliyoko kwenye ngozi ya seli changa, maabara tunaishika kwa kingamwili inayong'aa halafu seli zinapita mbele ya leza mashine inahesabu. Mtu mzima mwenye afya anazo chache mno kwenye damu maana kwao ni kwenye uboho. Uboho ukiharibika zinatoka, nyingine zinahamia bandama na ini zinatengeneza damu hukohuko, ndo inavimba hivyo.

BAKARI: Na shangazi keshamwita mama wa kuchua.

ZAINA: Weee! Amemchua?

BAKARI: Jumapili, mafuta ya nazi, mzee akalala fofofo, shangazi anasema afadhali tumepata dawa.

ZAINA: Hapana hapana hapana. Bandama kubwa haichuliwi jamani! Inaweza kupasuka damu ikamwagika tumboni, na wagonjwa hawa wengine chembe sahani zao hazigandishi damu vizuri.

BAKARI: Lakini da Zaina yule mama anaheshimika Ngamiani nzima, utamwambiaje?

ZAINA: Namwambia shikamoo bibi, mgongo chua, miguu chua, ubavu wa kushoto usiguse. Hata wewe mwambie hivyohivyo.

BAKARI: Sawa. Ila mimi linaloniuma ni kutobolewa mfupa wa nyonga ili wapime uboho, nimemshika mkono mzee anatetemeka. Waitaliano mwaka 2001 walionyesha hizo seli za CD34 zikizidi 15 kwa mikrolita ya damu basi inaelekea ni mailofaibrosisi, si zile kansa nyingine za polepole ndugu zake, na zikipita 300 hatari ya kugeuka lukemia kali, kansa ya damu inayokwenda mbio, ipo karibu. Si watoe damu mkononi yaishe?

ZAINA: Hayaishi. Ugonjwa ukiwa mchanga seli zinaweza zisipande, na nyuzi za makovu kwenye uboho huzioni kwa kuhesabu damu. Hesabu ni ya kusaidia.

BAKARI: Wa mjomba si mchanga! Bandama iko kitovuni!

ZAINA: Ndo uhakikishe ni nini, kabla hujampa mzee dawa za miaka.

BAKARI: Sikubali. Mzee wa miaka 70 na zaidi, maumivu yake nayo yahesabiwe.

ZAINA: Yahesabiwe, wampe ganzi ya kutosha. Kipimo abaki nacho.

BAKARI: Mi nabaki na langu.

ZAINA: Na mi langu. Fundi ananyoosha kidole, dakika moja.

BAKARI: Na jeni ya JAK2 je? Dawa ya imatinibu? Hatujagusa hata moja!

ZAINA: Wiki ijayo. Mpigie shangazi sasa hivi, maiki ikiwa bado inawaka.

BAKARI: Inaita... Halo shangazi, shikamoo. Yule mama wa kuchua, asije Ijumaa.