Kwa nini Naamani alimwamini kijakazi?

Bwana asifiwe. Haya kaeni, walioko nyuma sogeeni mbele viti vipo, maiki ya leo haina nguvu msije mkasema hamkusikia.

Nimepewa mada hii ya kuwa Mkristo mwenye ushawishi mzuri kwenye maisha ya kila siku, na nikiwaangalia hivi naona wengine mshaanza kuwaza mambo makubwa, huduma, mikutano, kwenda laivu, wafuasi wangapi. Leo hayo tunayaweka pembeni. Nataka tumwangalie mtoto mmoja ambaye hata jina lake halikuandikwa. 2 Wafalme sura ya 5, wenye Biblia ya kwenye simu fungueni ila WhatsApp ifungeni kwanza.

Binti mdogo wa Israeli, Washami wamekuja wamevamia wamemchukua mateka, akaishia kuwa mtumishi wa mke wa Naamani, na Naamani ndo jemadari wa jeshi hilohilo. Yaani anamhudumia mke wa mtu ambaye jeshi lake limemtoa kwao. Siku moja anamwambia bibi yake, laiti bwana angekuwa kwa yule nabii aliyeko Samaria, angemponya ukoma wake. Basi, kaishia hapo, hatumsikii tena mpaka mwisho wa Biblia.

Wengi wakihubiri hapa wanasifia ujasiri wake, na ni kweli alikuwa nao, lakini mimi kinachonishangaza zaidi ni kwamba ALIAMINIWA. Hebu fuatilieni, bibi anasikia, habari inamfikia bwana, bwana anaenda mpaka kwa mfalme, mfalme anaandika barua, msafara unaondoka na talanta 10 za fedha na vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, watu wazima na vyeo vyao wanakwenda nchi wanayopigana nayo, na chanzo chote ni neno la kijakazi! Biblia haielezi kwa nini walimwamini, ila nyie mmeishi na watu mnajua, mtu ambaye kila siku mnamkamata na uongo mdogomdogo, leo akuambie kuna mahali utapona, utafunga safari? Utamwambia asante halafu utaendelea na shughuli zako.

Kwa hiyo mimi naona ushawishi ndo huo, siku ukifungua mdomo kusema jambo kubwa la Mungu, wale wanaoishi na wewe wanapima kwa yale madogo uliyowaambia kabla. Na hapa niseme kidogo, kuna hii kauli imeenea siku hizi kwamba usiseme kitu, matendo yako yatahubiri. Hapana jamani. Yule binti angenyamaza akawa mfanyakazi mzuri tu, Naamani angekufa na ukoma wake. Alisema. Ila alikuwa na kitu cha kulibeba lile neno.

Sasa haya madogo ni yapi. Kuna barua moja ya zamani naipenda sana, na haikuandikwa na Mkristo. Mwaka 112 hivi gavana wa Kirumi anaitwa Pliny, alikuwa anatawala Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan kuhusu Wakristo, kwamba amewahoji na wengine kawatesa kabisa ili ajue hawa watu wanafanyaga nini wakikutana. Alichokipata ni kwamba wanakutana alfajiri, wanamwimbia Kristo, halafu wanaapa. Wanaapa nini? Kutokuiba, kutokunyang'anya, kutokuzini, kutokuvunja ahadi, na hili la mwisho nililisoma nikarudia, kutokukana amana pale mwenyewe akiidai. Amana! Yaani mtu kakuwekea kitu chake, akija kukidai unampa, humzungushi.

Tukihojiwa sisi leo itatoka nini? Nisiwaseme sana lakini kuna mtu hapa anadaiwa na jirani yake, hela ilikopwa kwa machozi, na sasa simu ya jirani ikiita inaangaliwa tu mpaka inakata. Na asubuhi huyohuyo jirani alifungua stetasi akakuta mstari, Bwana ndiye mchungaji wangu sitapungukiwa na kitu. Huyo jirani unafikiri anawaza nini akisoma? Kama hela huna, pokea simu, sema sina, mwambie lini utaanza kulipa hata kidogokidogo halafu siku hiyo ikifika anza wewe kumtafuta. Ni aibu najua, ila ni aibu ya dakika 2.

Au hii ya "niko njiani". Mnacheka. Mtu yuko kitandani, shuka mpaka kidevuni, anaandika meseji niko njiani nimebakiza kidogo. Tumeizoea mpaka hatuioni ni uongo, na mimi sisemi utaenda motoni kwa ajili ya meseji, nasema yule anayekusubiri juani ameshakujua, na jumapili ukimwalika kanisani atakuambia nitakuja, niko njiani.

Na amana siyo hela peke yake. Mtu amekuletea siri yake, ndoa inamsumbua au mtoto, amekuamini kwa sababu unaomba, halafu jioni ipo kwenye grupu, "wapendwa tumwombee fulani anapitia hili na hili". Wewe huko sio kuomba, ni umbea uliofumba macho. Ukitaka kumwombea, Mungu anamjua bila grupu, na ukiona anahitaji watu zaidi muulize yeye kwanza, akikataa unafunga mdomo. Kwa maoni yangu hakuna kitu kinafukuza watu kanisani kama hiki, wanaogopa midomo yetu kuliko wanavyoogopa mahubiri.

Kazini sitakaa sana, mnamjua Danieli, sura ya 6, wenzake walitafuta kosa kwenye kazi yake ya serikali wakakosa, ikabidi wamtafutie kwenye maombi yake. Sisi wengine wakitutafuta hawana haja ya kufika kwenye maombi, wanaanzia tu na muda wa kuingia ofisini.

Turudi 2 Wafalme 5 namalizia, maana sura hiihii ina mtumishi mwingine. Naamani kapona, anataka kumpa Elisha, yule nabii wa Samaria, zawadi, Elisha kakataa kabisa. Gehazi, mtumishi wa nabii, mtu wa ndani ambaye miujiza kaiona kwa macho, akamkimbilia Naamani njiani na stori ya kutunga, bwana wangu kanituma, wamekuja vijana wawili wa manabii, naomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Ona alivyotumia wageni wa huduma kujichangishia! Naamani akampa talanta 2. Hakuyahoji maneno yake, ameshawaamini watu wa huyu Mungu, na aliyemfundisha kuwaamini ni yule mtoto mateka. Gehazi akatumia imani aliyoijenga mwenzake. Akarudi akaficha vitu nyumbani, Elisha akamuuliza unatoka wapi, akajibu mtumwa wako sikwenda popote.

Ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Haya maswali, tuna robo saa. Yule kaka wa mlangoni nimeuona mkono wako muda mrefu, anza wewe.